Gari Lilipochemka Tukielekea kwa Bibi Harusi



Wiki hii hatuna picha za hina wala mitindo ya shela. Tuna kisa cha gari. Tunakileta hapa kwa sababu maharusi wengi tunaowapamba siku hizi wanaendesha wenyewe, na katika mafunzo yote wanayopewa kabla ya harusi, hili la gari kuchemka hakuna anayewaambia.

Sisi ni ndugu watatu, kazi yetu kupamba. Gari letu kuukuu tulilinunua kwa kuchangiana, nalo ndilo hutufikisha mashamba na vyombo vyetu vya hina na piko. Alkhamisi ile tulikuwa na bibi harusi Makunduchi. Nikahi ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo hina ilitakiwa ipakwe siku hiyo hiyo ipate usiku mzima wa kukolea.

Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, mshale wa joto ulipanda ukapita katikati. Tuliuona sote, na hakuna aliyesema kitu. Tulipoipita Tunguu gari likapata upepo, mshale ukashuka, tukaendelea na mazungumzo yetu. Tulipofika Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, tukapunguza mwendo. Mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka mbele.

Tulizima gari pembeni. Mdogo wetu akazungusha ncha ya kanga mkononi ili afungue mfuniko wa rejeta. Mkubwa wetu akamshika mkono, na mpaka leo tunamshukuru Mungu kwa hilo. Maji ya rejeta yamefungiwa kwa mgandamizo, ndiyo maana hupita nyuzi 100 bila kutokota. Ukifungua mfuniko yakiwa ya moto, yote hutokota kwa pamoja na kukurukia usoni na kifuani. Subirini nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Wala msimimine maji baridi kwenye injini ya moto, inaweza kupasuka.

Wawili wetu tukadandia daladala na vyombo vya hina. Mmoja akabaki na gari, likavutwa mpaka kwa fundi. Fundi akaliangalia bila ya kufungua chochote, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua: shilingi 1,200,000.

Fedha hizo tulikuwa nazo. Zilikuwa kwenye bahasha ya umra ya mama, tuliyokuwa tukiijaza kidogo kidogo kwa miaka miwili. Mama alikuwa ameshapiga picha za pasipoti. Usiku ule, huku tukimchora bibi harusi, tulinong'onezana kwamba hatuna budi kuifungua.

Asubuhi tukampigia khalu yetu aliyeko Wete, dereva wa miaka mingi. "Shikamoo khalu, gari limekufa." Hakuuliza fundi kasema nini. Aliuliza, "Marahaba wanangu. Linachemka lini? Likisimama au likikimbia?"

Tukakumbuka: foleni, matuta. Likikimbia linapoa.

"Basi msitoe hata senti kwanza. Nendeni mkaangalie feni."

Akatuongoza kwa simu, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua mfuniko. Maji yalikuwa yamepungua, tukajaza kwa maji ya kunywa. Mpira wa mfuniko wenyewe ulikuwa umepasuka, na mfuniko wa namna hiyo haushikilii mgandamizo.

Pili, tulitafuta pa kuvuja: mipira ya maji, viungo vyake, na ardhini chini ya gari. Alama nyeupe au za rangi zilizokauka ni dalili ya uvujaji. Hatukuona kitu.

Tatu, tulitafuta dalili za gasketi. Chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na utelezi mweupe kama maziwa. Injini ilipowashwa, ekzosi haikutoa moshi mweupe mzito, na kwenye rejeta hapakuchemka mapovu. Dalili hizo mkiziona, msiendeshe. Mpeni fundi kazi yake.

Nne, tukawasha kiyoyozi. Kwenye gari letu feni inatakiwa izunguke papo hapo. Haikuzunguka. Fyuzi ilikuwa nzima. Khalu akasema tulinganishe rilei ya feni na ya honi kwenye kisanduku cha fyuzi. Namba na miguu vilikuwa sawa, tukazibadilisha. Feni ikavuma!

Kungekuwa na feni nzima na bado likachemka likikimbia, tungeshuku themostati au rejeta iliyoziba. Themostati iliyofunguliwa hupimwa jikoni: itieni kwenye sufuria ya maji, maji yakikaribia kutokota lazima ifunguke. Na mashoga zetu, kusanyeni mabuibui na mitandio kabla ya kuinama. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata gari likiwa limezimwa, na mkanda wa injini hauchagui nguo.

Tuliliacha linguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, macho kwenye mshale. Ulitulia katikati. Ijumaa jioni tukaingia kwenye msafara wa bibi harusi, magari yote yakipiga honi isipokuwa letu. Mama wa bibi harusi akauliza, "Nyinyi mbona kimya, hamna furaha?" Tukamwambia honi tumeiazima kwa feni.

Mjini tulinunua rilei na mfuniko mpya, tukasafisha rejeta. Yalitoka maji ya rangi ya chai. Tulikuwa tukijaza maji ya bomba, na maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe: angalieni ukoko mweupe ndani ya birika zenu. Sasa tunatia kulanti. Yote hayakufika shilingi 100,000.

Fundi yule hatumlaumu sana. Gasketi ingeweza kuungua kweli, na lawama ingekuwa yetu, kwa kunyamaza watu watatu pale Mwanakwerekwe tukiogopa kuharibu siku. Kwa hiyo wewe unayeolewa mwezi huu, kitu kikianza kupata joto, cha gari au cha nyumbani, kiseme kingali kwenye foleni. Na kabla hujafungua bahasha, uliza kama khalu: linachemka lini?

Bahasha ya mama haijafunguliwa. Muombeeni safari njema.