Kulala Njiani: Safari ya Gari Milimani, Colorado na Nyanda za Juu Kusini

Safari ndefu ya gari milimani hupigiwa hesabu kwa saa, wala si kwa kilomita. Denver hadi Durango, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, kwa njia inayozunguka Glenwood Springs na Ouray, ni zaidi ya kilomita 600. Nyumbani Tanzania, Dar es Salaam hadi Mbeya ni kama 830. Mwenye haraka huweza kumaliza njia yoyote kati ya hizo kwa siku moja ndefu, na wapo wanaofanya hivyo kila wiki. Anayesafiri na watoto, au anayetaka kuiona milima badala ya kuipita tu, atalala njiani usiku mmoja au miwili. Katika kuamua alale wapi ndipo Colorado na nyumbani zinapoachana.

Colorado, kitanda ndicho kinachopanga safari. Kambi nyingi zilizo ndani ya misitu ya serikali huwekewa nafasi kwenye tovuti ya Recreation.gov, na nyingi hufunguliwa miezi 6 kabla. Anayetaka kulala juu ya mji wa Ouray Ijumaa moja ya Julai huanza kutafuta nafasi Januari, theluji ikiwa bado imejaa mitaani huko. Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain nayo, kwa miaka ya karibuni, imekuwa ikitaka wageni wa kiangazi wawe na kibali cha saa maalumu ya kuingia getini. Matokeo yake ni safari iliyokazwa. Usiku wa kwanza umeshalipiwa hapa, wa pili umeshalipiwa pale, na mtoto akiugua au mvua ikiharibu siku, ratiba haina pa kusogea. Wasiotaka kufungwa hivyo huweza kulala bure ndani ya misitu ya taifa nje ya kambi rasmi. Sehemu nyingi huruhusu hilo, kwa kawaida hadi siku 14, ila huko hakuna choo, hakuna maji, na takataka hurudi na mwenyewe.

Ndani ya kambi rasmi mambo ni ya mpangilio hasa. Kila nafasi ina nguzo fupi yenye namba, meza ya mbao na duara la chuma la kuwashia moto. Kuanzia saa 4 usiku kelele haziruhusiwi. Chakula, dawa ya meno na hata mafuta ya kujipaka havilali hemani: hufungiwa kwenye sanduku la chuma au ndani ya gari, kwa sababu dubu wa milima ile wameshajua kwamba penye wageni pana kula. Majirani husalimiana kwa kichwa na kila mmoja hubaki kwenye meza yake.

Nyumbani, katika barabara kuu ya TANZAM, ile ya kutoka Dar kupitia Mbeya hadi Zambia, jua ndilo linalopanga. Mwezi Juni mwanga wa Denver hudumu hadi saa 2 na nusu usiku, wakati kati ya Morogoro na Mbeya jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 na robo jioni, mwaka mzima. Baada ya hapo barabara hubadilika kabisa. Malori ya Zambia na Kongo yanaendelea kutembea, mengine taa za nyuma zimekufa. Kuna baiskeli zisizo na taa, ng'ombe wanaochelewa kurudi, na watu wanaotembea pembeni ya lami wakiwa na nguo nyeusi. Lori likiharibika, dereva au utingo hukata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani mita kadhaa kabla ya lilipo, kuwaonya wanaokuja. Mchana alama hiyo inatosha na kila mtu anaielewa. Usiku tawi huonekana likiwa limeshafika chini ya tairi. Kwa hiyo ratiba nzuri huanza kuhesabiwa kinyumenyume: gari liwe limeingia geti la gesti kabla ya saa 12 jioni, kisha ndipo iulizwe litoke saa ngapi.

Hapo ndipo hesabu za ughaibuni zinapowaangusha wengi. Barabara kuu ya Colorado humpa dereva mwendo usiobadilika kwa saa nzima. TANZAM hupita katikati ya vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao, mara nyingi chini ya mti, kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hukatiza mbuga kwa takribani kilomita 50, mwendo wa mchana ni 70, na vibao vimeorodhesha faini ya kugonga mnyama kwa kila aina yake. Ongeza foleni ya kutoka Dar yenyewe. Mwenye busara huhesabu wastani wa kilomita 60 kwa saa, na hivyo Iringa, iliyo kama kilomita 500 kutoka Dar, inakuwa siku nzima ya kazi. Aliyepanga kulala Makambako siku ya kwanza amepanga kuendesha usiku, hata kama hajajua.

Vyumba, kwa upande mwingine, si tatizo. Morogoro, Mikumi mjini, Iringa, Mafinga, Makambako na Chimala kote kuna gesti na lodge za kila bei, na mgeni huweza kufika bila kupiga simu, isipokuwa wiki ya Nane Nane pale Morogoro na Mbeya, au siku za mahafali Iringa. Kinachofanyika mapokezi kina utaratibu wake, ingawa haujaandikwa popote. Mgeni haanzi kwa kulipa, huomba kwanza kuonyeshwa chumba. Hufungua bomba, hubonyeza swichi ya maji ya moto na kusubiri, hukagua chandarua, huhesabu mablanketi kama ni Juni au Julai, maana baridi ya Mafinga na Makambako haina utani. Kisha hujaza kitabu cha wageni: jina, namba ya kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, saini. Gari huingizwa ndani, likageuzwa kuelekea geti, na mlinzi akasalimiwa vizuri. Ikilinganishwa na moteli ya Colorado, ambako kadi ya benki hutangulia kila kitu na picha za mtandaoni ndizo zinazoaminiwa, huu ni utaratibu unaomlinda mteja zaidi.

Milima yenyewe ina masharti yanayofanana. Kushuka Wolf Creek Pass huko Colorado, wenye mita 3,309, dereva wa lori huonywa kwa vibao mfululizo, na pembeni pametengenezwa njia mbili za dharura zenye changarawe nene za kumeza lori lililoishiwa breki. Kwenye mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, dereva mwenyewe ndiye kinga kubwa: gia nzito kupanda, gia nzito kushuka, na asithubutu kuteremka kwa frii ili kuokoa mafuta. Lori moja likikwama kwenye kona za Kitonga, huweza kuzuia pande zote mbili kwa saa nyingi. Ni vizuri kuupanda mlima huo mchana na mapema, ili foleni ikitokea ibaki na muda wa kufunguka kabla ya giza. Nako Colorado kuna kipande kinachotisha kuliko Kitonga: barabara ya US 550 kati ya Ouray na Silverton, inayopita mita 3,358 juu ya usawa wa bahari, sehemu nyingi bila ukingo wa chuma, ili magari ya kusukuma theluji yapate pa kuimwaga. Anayetoka Ouray kuelekea Silverton ndiye anayeendesha upande wa korongo. Asiyependa hali hiyo ageuze mzunguko mzima wa safari.

Majira pia hupangiwa tofauti. Trail Ridge Road ya Hifadhi ya Rocky Mountain, inayofika mita 3,713, kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa Oktoba. Katikati ya kiangazi mvua za radi hupiga vilele mchana, kwa hiyo sehemu za juu huvukwa asubuhi. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Lami ya TANZAM huhimili, lakini mchepuko wa kwenda Hifadhi ya Kitulo kwa njia ya Chimala na Matamba, ule wa kona 57, haufai kwa gari dogo wakati wa masika. Maua ya Kitulo, kwa bahati mbaya, huchanua wakati huohuo wa mvua, na anayeyafuata atafute gari lililonyanyuka na dereva anayeijua njia.

Gari likiharibika, tofauti hubadilisha upande. Mabonde mengi ya Colorado hayana mtandao wa simu wala watu. Ndiyo maana wasafiri hubeba ramani ya karatasi, maji ya ziada na bima ya kuvutwa gari. Kwenye TANZAM ni nadra kukaa nusu saa bila mtu kusimama, na fundi wa kijiji cha jirani hufika kwa bodaboda na spana zake kwenye mfuko. Spea tairi, jeki na triango za kuakisi mwanga hubebwa vilevile, kwa usalama na kwa trafiki.

Jambo moja halina mwenzake Colorado, nalo ni ndugu. Mwenye mjomba Iringa akilala lodge Iringa, habari zitamfikia mjomba kabla ya chai ya asubuhi, na maelezo ya kwamba hakutaka kumsumbua hayatapokelewa. Aliyetoka ughaibuni baada ya miaka mingi afanye kulala kwa ndugu kuwa kituo kamili cha ratiba, siku nzima, si saa mbili za kupitia. Na wakati wa kurudi Dar gari litakuwa na gunia la viazi vya Uyole na mchele wa Kyela ambavyo hakuvipanga, kwa hiyo tairi zijazwe upepo na breki zikaguliwe Iringa, kabla ya kuushuka Kitonga na mzigo huo.