Rimu ya Nyuma Kushoto

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Kihesa, madeni mawili ya dukani na Toyota Mark II ya rangi ya maziwa. Nyumba haiuzwi, mama anaishi humo. Madeni tuliyalipa kwa rambirambi. Likabaki gari, na mdogo wetu wa mwisho ambaye alikuwa amepata chuo lakini ada hana. Kikao cha familia kikaamua gari liuzwe. Kwa kuwa naishi Mbeya, na kwa kuwa watu huamini mwandishi wa habari anajuana na kila mtu, kazi ya kutafuta mteja nikapewa mimi.

Nililiendesha mwenyewe kutoka Iringa, zaidi ya kilomita 300. Makambako nikasimama kujaza upepo, tairi la nyuma kushoto. Sikushangaa. Tangu baba anunue gari lile miaka sita iliyopita, kila safari ilianzia kwa fundi pancha pale Ipogolo. Fundi akiuliza kama aling'oe tairi atafute tundu, baba alijibu vilevile siku zote: "Jaza tu. Ni baridi."

Mbeya dalali alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi moja, kama wafanyavyo madalali wote duniani. "Dada, gari imenyooka. Ila rimu zimechoka. Kazipige rangi. Mteja ananunua kwa macho kwanza, injini baadaye."

Alikuwa sahihi. Zilikuwa rimu za alumini, na alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba inayoilinda. Shida huanza rangi ya juu inapochubuliwa na jiwe, ukingo wa barabara au chuma cha fundi pancha mwenye haraka. Maji na vumbi la breki hupenya chini ya rangi, unga mweupe hutokea, na rangi huanza kuinuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Rimu za baba zilikuwa na vidonda hivyo kila mahali, isipokuwa ile ya nyuma kushoto. Hiyo ilikuwa na afadhali kuliko wenzake. Niliona ni bahati.

Fundi nilielekezwa Mwanjelwa, gereji ya uani nyuma ya maduka ya vipuri. Ni mtu mzima, mpole, vidole vyake vina rangi za magari ya watu wengi. Nilimuuliza kuhusu rangi ya poda, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba ndiyo bora. Akacheka. Poda hupulizwa ikiwa kavu kwa bastola ya umeme, ikang'ang'ania chuma kwa nguvu ya huo umeme, kisha rimu huingizwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 200 mpaka poda iyeyuke na kuwa ngozi moja. "Mimi tanuri sina, dada. Nina jua, na jua lenyewe la Mbeya unalijua."

Ilikuwa msimu wa mvua. Alinieleza kwamba akipuliza rangi hewa ikiwa na unyevu, vanishi ya juu hushika ukungu, inakuwa nyeupe kama kioo kilichopumuliwa. Kwa hiyo kazi yake huenda na mawingu. Asubuhi anasugua, mchana likitoka jua anapuliza. Na kusugua ndiyo kazi yenyewe, alisema. Ile ngozi inayoilinda alumini ndiyo hiyohiyo inayokataa rangi. Lazima uiondoe kwa msasa, usafishe mafuta yote, upake praima yake mapema kabla haijajivika nyingine. "Wengi wanapaka juu ya uchafu. Miezi mitatu inang'aa. Baadaye mteja anarudi na matusi."

Siku ya pili akanipigia simu. "Dada mwandishi, pita hapa kabla sijaendelea."

Alikuwa ameiweka rimu ya nyuma kushoto juu ya ndoo. Akanionyesha ukingo wa ndani, upande ambao huuoni gari likiwa limesimama. Msasa ulikuwa umefika kwenye kitu cha kijivu, laini. "Hii ni puti. Puti inajaza mikwaruzo ya mbele, ipendeze. Huku ndani nani anaona?"

Akaikwangua yote kwa bisibisi. Akapaka mafuta ya taa, akasubiri, akafuta mpaka pakakauka kabisa. Kisha akachukua chaki, chaki ya kawaida ya shuleni, akasugua mpaka sehemu nzima ikawa nyeupe. Tukakaa kimya. Baada ya dakika chache mstari ukajichora wenyewe juu ya chaki, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole changu cha kati. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje.

Ujanja huo alifundishwa na mzee mmoja aliyestaafu reli. Baadaye nilisoma na kukuta kwamba karakana za reli zilikagua ekseli kwa namna hiyohiyo, mafuta na unga mweupe, kabla ya mashine za kisasa kuja.

"Si inachomelewa?" nikauliza.

"Inachomelewa. Na upepo itashika." Akaweka chaki chini. "Ila kushika upepo na kushika gari ni vitu viwili. Rimu hizi kiwandani zinapewa joto kwa kipimo ili ziwe imara. Ukiichoma moto mahali pamoja, pembeni ya mshono panakuwa palaini. Halafu barabara hii yetu na matuta yake... Mimi rangi nitakupigia, ni rimu yako. Lakini nilitaka uone."

Nilimpigia kaka yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonisumbua, maana hoja yake haikuwa ya kijinga. "Mdogo wangu, ufa huo baba kautembelea miaka sita. Hakufa kwa rimu, kafa kwa presha. Dirisha la ada linafungwa Ijumaa. Paka rangi, uza. Huyo atakayenunua naye ana fundi wake."

Huyo atakayenunua alikuwa tayari amepatikana, mwalimu wa Chimala, mpole, aliyekopa. Alikuja kuliona gari na mke wake na watoto wawili, nao walishapanda kiti cha nyuma na kugombania dirisha.

Usiku ule niliwaza mambo yaliyo karibu na kazi yangu kuliko nilivyopenda. Nimewahi kupokea habari yenye ufa, mtu mmoja hakupatikana, tarehe hazilingani, nikaisugua sentensi zake mpaka zikateleza, nikaipeleka. Tuna methali yake: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila mkakasi haumuui mtu.

Kilichoninyima usingizi zaidi ni puti yenyewe. Huwezi kupaka puti kwenye ufa bila kuuona ufa. Kuna mtu alikaa mbele ya mstari uleule, akafanya hesabu zake, pengine naye alikuwa na ada na Ijumaa yake, akapaka. Ndiyo maana rimu ile ilikuwa nzuri kuliko wenzake. Baba akalinunua gari, akalipenda, akawa anafuta rimu kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama. Na kila Krismasi akawapakia wajukuu wake wanne, mwanangu akiwemo, kiti cha nyuma, kwenda kijijini.

Asubuhi nikatafuta rimu nyingine ya mtumba kwenye maduka ya vipuri. Haikufanana sawasawa na zile tatu. Fundi akaipima kwa mafuta na chaki, akazipaka zote nne rangi moja. Zilipendeza, lakini mwenye jicho angejua.

Mwalimu nikamweleza yote. Kama unadhani alinishukuru, hujawahi kuuza gari. Aliingiwa na wasiwasi: gari lilipata ajali? Kitu gani kingine sijamwambia? Akashusha bei laki sita, na akasubiri wiki nzima kabla ya kulipa. Ada ya mdogo wetu niliijazia kwa mkopo wa saccos ambao nimeumaliza mwezi uliopita. Kaka yangu alinuna, akaacha kununa, na mpaka leo hatujalizungumza.

Nilirudi gereji kulipa nikamkuta fundi anaikata ile rimu mbovu kwa grainda, vipande vipande. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua. "Nikiitupa nzima, wiki ijayo itarudi hapa kupakwa rangi." Vipande vinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na alumini kama hiyo huishia kwa mafundi wanaoyeyusha na kumimina sufuria.

Nilipoenda Iringa nilimweleza mama, nikaogopa nitamharibia kumbukumbu. Alikuwa anachambua maharage. Akanyamaza muda mrefu, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemwona mumewe tena mlangoni.

"Kumbe haikuwa baridi," akasema.