Fyuzi Niliyoifunga kwa Waya

Neno la asubuhi hii nimelitoa chini ya kitanda changu, na si rahisi kwangu kuliandika. Soma mpaka mwisho, kisha uniombee.

Wale tulioanza nao kwenye kanisa la mabati pale Kawangware mnaikumbuka ile amplifaya kubwa ya Kijapani, ya miaka ya 1970, iliyobebwa na watu wawili. Iliungua Jumapili moja katikati ya sifa, miaka tisa iliyopita. Spika ya kulia ilinguruma, moshi ukatoka, kukawa kimya. Nikaileta hapa nyumbani Uthiru, ikalala chini ya kitanda.

Likizo hii kijana wangu akaniambia, "Baba, tuitengeneze." Jumatatu tukapanda matatu ya Waiyaki Way mpaka mjini, tukatembea hadi Luthuli Avenue. Kule ghorofani kuna mzee mmoja fundi. Kabla hajatuuzia chochote alituuliza, "Fyuzi mmeziangalia?" Hatukuwa tumeziangalia. Akasema, "Anzeni hapo. Fyuzi haikatiki bure. Ikikatika, inakuambia kitu."

Tukanunua jozi moja ya transista, 2N3055 na mwenzake MJ2955, zile za chuma zenye umbo la kofia. Tukaongeza vipande vya maika, grisi nyeupe ya kupitisha joto, na kapasita mbili kubwa za umeme, kwa sababu za zamani hukauka na sauti huanza kuvuma.

Nyumbani tukaiweka mezani. Nyuma yake kuna vizibo viwili vya kuzungusha: fyuzi ya spika ya kushoto na ya spika ya kulia. Kijana akafungua cha kulia. "Baba, hii mtu ameifunga waya."

Nyuzi za shaba zilikuwa zimesokotwa juu ya kioo cha fyuzi, kutoka ncha moja hadi nyingine. Nikaketi. Waya ule niliujua. Mikono iliyousokota ni hii hii ninayoandikia.

Ilikuwa usiku wa kesha, majuma mawili kabla ya ile Jumapili. Saa saba usiku fyuzi ilikatika. Maduka yamefungwa, watu wanangoja, mhubiri mgeni yuko njiani. Nikachuna waya, nikaifunga, sauti ikarudi. Nikasema Mungu ametenda. Sikuuliza kwa nini ilikatika.

Sababu ilikuwa ndogo. Waya za spika zilikuwa zimechakaa kule nyuma, na zikisukumwa ziligusana. Zilipogusana usiku ule, fyuzi ilikatika ili kuokoa transista. Zilipogusana tena Jumapili, hakukuwa na kitu cha kukatika. Transista zikatoa nguvu zote mpaka zikaungua.

Na mimi nilifanya nini? Nilisimama mbele ya kanisa, bila maiki, nikamwambia kijana aliyekaa kwenye mitambo kwamba ameua kifaa cha Bwana kwa kupenda besi. Alikuwa na miaka 19. Hakujibu. Baada ya Jumapili mbili hakuonekana tena.

Natamani niwaambie kwamba nilikuwa nimeusahau ule waya. Wapendwa, jioni ile niliukumbuka. Nikaona aibu, nikanyamaza, na kunyamaza kukageuka kusahau. Soma Zaburi ya 32 uone kunyamaza kunavyokula mifupa ya mtu. Soma 2 Samweli 12 uone Daudi alivyomkasirikia mwenye hatia bila kujua kwamba ni yeye mwenyewe.

Tuliendelea na kazi. Tulimaliza kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, maana huweza kukupiga hata kama stima imezimwa. Transista za kulia zilipopimwa kwa mita, zote mbili zilikuwa zimekufa. Tukaweka mpya, tukazirekebisha pia waya za spika. Kabla ya kuwasha tukapitisha stima kwenye balbu ya zamani ya wati 100, kama fundi alivyotufundisha. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani bado kuna hitilafu. Ikimweka mara moja kisha ifife, songa mbele. Yetu ilimweka, ikafifia. Tukatia fyuzi mpya, bila waya. Sauti ikatoka safi kabisa, na kijana wangu akacheka kwa furaha.

Mimi sikuweza kucheka. Kifaa kilikuwa kimepona, lakini mtu hakuwa amepona. Mathayo 5:23 na 24 inatuambia tuiache sadaka pale pale, twende kwanza tukapatane na ndugu. Jumamosi nikaenda Kangemi, kwenye stegi ya bodaboda anapofanya kazi siku hizi. Nikamwekea ule waya mkononi.

Akautazama, akasema, "Pasta, mimi nilijua. Niliuona siku hiyo hiyo nikikunja nyaya."

"Mbona hukusema?"

"Nani angemwamini kijana wa mitambo, aache kumwamini mtumishi wa Mungu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe, kisha mteja akaja, akawasha pikipiki akaenda. Hajasema atarudi kanisani, nami sikumwuliza. Lakini nilimwaibisha mbele ya kanisa, kwa hiyo Jumapili ijayo nitatubu mbele ya kanisa. Amenipa ruhusa.

Mpendwa, ni kitu gani kimekatika kwako? Usingizi? Mke wako amenyamaza? Mtoto haongei nawe tena? Hiyo ni fyuzi. Usiifunge kwa waya. Sisi watu wa kanisa tuna waya nyingi: huduma, kesha, hata "Bwana asifiwe" tunayoifunga juu ya jambo ambalo hatutaki kuliangalia. Sauti inarudi kwa muda, halafu anaungua mtu mwingine.

Tuombe. Baba, tupe ujasiri wa kuuliza kwa nini, na unyenyekevu wa kukubali jibu likiwa ni sisi. Katika jina la Yesu.

Leo usianze kwa kuandika Amina hapa chini. Kuna mtu umemfikiria ulipokuwa ukisoma. Mpigie simu kwanza, kisha urudi uandike.