Bwana Brown wa Vidole Vitatu

Wako watu ambao sichoki kuwasimulia wanangu habari zao wakati wa jioni, na mmoja wao ni Mmarekani mcheza mpira, Mordecai Brown. Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Huitwa besiboli. Mtu mmoja hutupa kwa mkono mpira mgumu wa ngozi, mdogo kama chungwa. Mwingine husimama mbali kiasi cha mita 18, ameshika rungu, aupige. Kazi ya mtupaji ni kumdanganya mwenye rungu, na ujanja huo umo hasa katika vidole.

Na Brown vidole ndivyo alivyopungukiwa.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Nyesville, mahali pa wakulima katika jimbo la Indiana. Akiwa bado mtoto, mkono wake wa kuume uliingia katika mashine ya kukatia chakula cha mifugo. Kidole cha shahada kikakatika, kikabaki kipande tu. Kabla jeraha halijapona, akaanguka na kuvunja vidole vingine vya mkono uleule, navyo vikaunga vibaya, vimepinda. Ndipo watu walipokuja kumwita Vidole Vitatu.

Alipokuwa kijana alichimba makaa ya mawe, akicheza na timu za wachimbaji. Mwanzoni hakuwa mtupaji. Lakini alipojaribu, ilionekana kwamba mpira uliotoka katika mkono ule ulizunguka kwa namna ya ajabu. Ulikuja kama kawaida, halafu ukafika karibu na mpigaji, ukashuka ghafla. Rungu likapiga hewa.

Mwaka 1903 aliingia timu kubwa ya St. Louis, na mwaka uliofuata akahamia Chicago Cubs. Mwaka 1906 alishinda michezo 26, akashindwa 6 tu. Siku ya tarehe 8 Oktoba 1908 Cubs walikutana na New York Giants ili ijulikane nani bingwa wa ligi yao. Mtupaji wa Giants alikuwa Christy Mathewson, kijana wa chuo mwenye mikono mizima, aliyekuwa ameshinda michezo 37 mwaka ule. Mtupaji wa kwanza wa Cubs alizidiwa mapema, Brown akaitwa. Mbele ya umati wa wenyeji wanaomzomea, alishinda 4 kwa 2. Kisha Cubs wakatwaa ubingwa wa Marekani, na hawakuupata tena mpaka mwaka 2016.

Nikifika hapo, watoto husema, "Kumbe baba, mashine ile ilimfaa!" Hapana. Mashine haikumfundisha kutupa. Wengi wamekatwa vidole wasipate sifa yoyote. Brown aliuchukua mkono aliobaki nao, akaufanyia kazi miaka mingi mpaka akaujua. Nasi wazazi tuwalinde watoto na visu na mashine. Bahati ya mtu mmoja si dawa ya wote.

Linaloniuma ni jingine. Mara nyingi mtoto akipata kilema, husikia wakubwa wakisema, "Huyu basi, akae nyumbani achunge kuku." Hajajaribiwa, tayari amehukumiwa. Wahenga walisema, kabla hujafa hujaumbika. Na hata kama Brown angebaki mchimba makaa mpaka uzee wake, angestahili heshima ileile.

Yeye na Mathewson walikutana mara ya mwisho mwaka 1916, wote wawili wamechoka, na safari hii Mathewson alishinda 10 kwa 8. Kwa jumla Brown alishinda michezo 239. Alifariki Februari 1948, na mwaka 1949 jina lake likaingizwa katika jumba la mabingwa wa besiboli huko Cooperstown. Heshima hiyo hakuiona. Basi, mwenye mtoto wa namna hii nyumbani asingoje jumba: ampe jembe, ampe kalamu, ampe na mpira, aone.