Sehemu ya 3: Afungwe waya au awekewe vyuma?

Tangu niweke sehemu ya pili, swali linalorudi ni lile lile: "Sista, kijana kavunjika taya, daktari katuuliza afungwe waya au awekewe vyuma. Tuchague nini?" Leo nalijibu hilo tu. Chai ipo? Haya.

Kuna mama mmoja hapa Kivukoni, anakaanga samaki pale Feri. Mwanawe ana miaka 19, anaendesha bodaboda. Siku hiyo alikuwa anatoka Kariakoo na abiria, akakwepa mkokoteni Mtaa wa Msimbazi, akaanguka, kidevu kikatangulia. Taya la chini limevunjika sehemu moja, meno yote yapo, mfupa haujahama sana. Daktari akamweleza kwamba kwa mvunjiko huo njia zote mbili zinafaa. Mama akasikia kitu kimoja tu: waya ni nafuu, vyuma ni ghali. Akaondoka mbio kwenda kukopa kwenye kikoba chake. Nilimkuta jioni kwenye benchi la nje, pesa haikutosha, analia. "Sista, sitaki mwanangu atibiwe kimaskini."

Nikakaa naye. Na wewe kaa hapo hapo nikueleze nilichomweleza.

Kufungwa waya maana yake meno ya juu na ya chini yanafungwa pamoja yakiwa yamekutana vizuri. Meno yakikaa mahali pake, mfupa nao unakaa mahali pake, unaunga wenyewe. Mara nyingi ni ganzi tu, hapasuliwi. Kwa mtu mzima huwa ni wiki 4 hadi 6. Huo si uganga wa kimaskini, ni tiba ya siku nyingi na mpaka leo inatumika. Gharama yake unailipa kwa njia nyingine: mtu hafungui mdomo wiki zote hizo, anapungua kilo, anakuwa na hasira, na nyumba nzima inaishi na chujio.

Vyuma ni vibati vyembamba vya titaniamu vinavyofungwa kwa skrubu juu ya mfupa wenyewe. Hapo ni nusu kaputi na kupasuliwa, mara nyingi kwa ndani ya mdomo ili kovu lisionekane. Faida yake kubwa ni kwamba anafungua mdomo mapema, anaongea, anapiga mswaki. Lakini jamani, asije akakudanganya mtu kwamba akitoka wodini anakula mishkaki! Vyakula laini wiki kadhaa vile vile. Mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa muda, maana mshipa wa fahamu unapita humo humo kwenye taya. Na vibati kwa kawaida havitolewi, vinabaki maisha, labda vipate usaha au vilegee.

Sasa kuna wagonjwa ambao waya peke yake si chaguo zuri, na hapa usibane pesa kama kuna namna. Taya lililovunjika vipande vipande, au mfupa uliohama ukagoma kurudi. Mzee asiye na meno, waya utashika wapi? Mwenye kifafa, mwenye pumu kali, mjamzito anayetapika kila asubuhi. Mwambie daktari mambo haya yote kabla, hata kama hajauliza. Muulize hivi: "Kwa mvunjiko wa mwanangu, waya utaunga vizuri?" Akisema ndiyo, lala usingizi. Akisema hapana, ndipo ukimbilie bima, kikoba, ustawi wa jamii wa hospitali, wote.

Watoto wadogo ni habari nyingine. Meno ya ukubwani yamejificha ndani ya taya, skrubu inaweza kuyagonga, na mfupa wao unaunga haraka, kwa hiyo muda wa kufungwa ni mfupi. Mtoto akiangukia kidevu halafu akalia maumivu mbele ya sikio, mpeleke, hata kama kidonda cha kidevu ni kidogo. Kifundo cha taya kikivunjika na kikaachwa bila mazoezi kinaweza kuganda, baada ya muda mtoto hafungui mdomo hata kijiko kupita.

(Wale mlioniuliza kuhusu binti mwenye taya lililokua mbele: hilo halina haraka. Wanasubiri mifupa imalize kukua, meno yanapangwa kwanza kwa waya kwa miezi mingi, halafu ndiyo upasuaji, na hapo vibati ndivyo hutumika zaidi.)

Turudi kwa mama wa Feri. Alichagua waya. Pesa ya kikoba akanunua blenda, na nikamwambia kitu cha pili: nenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nunua koleo dogo la kukatia waya, lile la fundi umeme. Akanishangaa. Mgonjwa aliyefungwa akitapika, aketi, ainame mbele, atoe pembeni kwenye mashavu. Alichokula ni maji maji, kitapita. Akishindwa kupumua, unakata zile nyaya zinazounganisha meno ya juu na ya chini, kisha hospitali hapo hapo. Usitoke wodini kabla nesi hajakuonyesha kwa kidole ni zipi. Koleo likae karibu na mgonjwa usiku na mchana, si kwenye droo.

Chakula: kila kitu kisagwe, kichujwe, kipite kwenye mrija au sirinji isiyo na sindano, pembeni mwa meno. Uji wenye maziwa na karanga za kusaga, supu ya samaki iliyochujwa mara mbili, parachichi na maziwa, mtindi. Kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, maana mara tatu hazitoshi. Na mafuta kijiko kimoja kwenye supu, usiogope. Kila akimaliza, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na mswaki mdogo wa mtoto kwa nje ya meno. Waya ukichoma shavu, omba nta kliniki.

Wiki ya tatu kijana akaanza. Hawezi kuongea vizuri, anaandika kwenye simu: "Mama kata hata upande mmoja, nile ugali." Mama akanipigia analia tena, huruma imemzidi. Nikamwambia mfupa sasa hivi ni laini kama gundi isiyokauka, ukikata leo meno yanaweza yasikutane tena, na hapo ndipo utahitaji upasuaji uliokuwa unauogopa. Basi yule mama akalitoa koleo chini ya mto wa kijana, akalifunga kwenye pindo la kanga yake, akawa analala chumba kimoja naye. Linafikika, lakini kwa ruhusa yake.

Wiki ya tano waya zikatolewa. Mdomo ulifunguka vidole viwili tu, meno yamekutana sawasawa. Mama swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa ni lini anaweza kumpa pweza. Akaambiwa pweza asubiri, aanze na wali bokoboko.

Sehemu ya 4 kesho kutwa: mazoezi ya kufungua mdomo, kwa vijiti vya aiskrimu.