Dungu la Nalasi na Bajeti ya Halmashauri

Mwezi Februari mmoja, si zamani sana, nilialikwa kuwa mwezeshaji katika kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri moja ya wilaya. Sitaitaja, kwa kuwa nilikula chakula chao na kulala katika nyumba yao ya wageni, na kwa kuwa nitakayoyasema yangeweza kutokea katika halmashauri yoyote. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: kuwasaidia waheshimiwa madiwani kuelewa rasimu ya bajeti iliyozidi ukomo uliotolewa na Serikali Kuu, na kuwashauri wakate wapi.

Mapato ya ndani yalikuwa yameshuka. Mazao yalikuwa hafifu, na zao linapokuwa hafifu ushuru nao huwa hafifu. Mweka Hazina alisoma kasma moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla ya safari. Tulipofika kwenye posho za mgambo, mafuta ya gari la idara ya wanyamapori na kifungu kilichoandikwa "Udhibiti wa Wanyamapori Wakali na Waharibifu", ilikuwa saa nne na nusu, na harufu ya maandazi ilikuwa imekwisha kuingia ukumbini. Mwenyekiti akanigeukia. "Dokta, hapa wewe unaonaje?"

Nikajibu kama kitabu kinavyosema. Nilisema kuwa sehemu ya mapato ya ndani iliyotengewa maendeleo, kiwango chake kikitegemea uwezo wa halmashauri, haiguswi. Kwamba asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inalindwa na sheria. Kwamba mishahara hailipwi kwa hisani yetu. Kinachobaki ni matumizi mengineyo, na humo ndimo panapopunguzwa. Wajumbe wakaafiki. Kifungu kikapunguzwa zaidi ya nusu, tukaenda kunywa chai.

Andazi lilikuwa mkononi mwangu nilipomkumbuka mjomba wangu, na dungu lake la Nalasi.

Msomaji asiyeijua Nalasi aifikirie hivi. Ukitoka Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, unakwenda mashariki zaidi ya kilometa 250 kupitia Namtumbo hadi Tunduru. Siku hizi ni lami na watu husafiri wakisinzia. Enzi za utoto wangu, masika, lori lingeweza kulala njiani usiku wa pili na wa tatu. Kutoka mjini Tunduru unashuka kusini kuelekea Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, kwenye hifadhi ya Niassa. Kaskazini kuna Selous. Baina ya hifadhi hizo mbili upo ushoroba ambao tembo wameupita tangu kabla ya kuwapo wilaya, mkoa au mpaka. Sisi wakulima wa mpunga, mahindi, muhogo na korosho tuliwekwa, au tulijiweka, njiani mwao.

Mimi nilipelekwa kwa bibi yangu mzaa mama nikiwa mdogo, na kama ilivyo kwa Wayao, mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yangu. Mpunga ulipoanza kuchanua, mjomba alihamia shambani. Dungu lilikuwa la miti minne na kitanda cha fito juu yake, paa la nyasi, bila ukuta hata mmoja, kwa kuwa mwenye ukuta hamwoni nguruwe. Usiku kucha alipiga debe, akaimba, akatukana, akanyamaza, akapiga tena. Nilimpelekea uji asubuhi na kumkuta macho mekundu, kijiti kikiwa bado mkononi.

Katikati ya miaka ya 1980 simba waliwaua watu makumi katika Wilaya ya Tunduru. Wanaotaka kuamini kuwa mambo haya ni ya hadithi za wakoloni na wawindaji wao wenye kofia, wawaulize wazee wa kule. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Nakumbuka milango ikifungwa jua halijatua. Nakumbuka bibi akiweka ndoo ndani kwa ajili yetu watoto ili mtu asitoke nje kwa haja. Nakumbuka mke wa jirani yetu aliyekwenda shambani na mumewe kulinda mpunga, na mumewe aliyerudi peke yake, ambaye baadaye hakuweza kukaa mahali penye kelele za debe. Ndipo alipokuja askari wa wanyamapori, mtu mfupi mwenye baiskeli na bunduki iliyofungwa kwa mpira wa tairi. Alikaa wiki tatu. Hakumpata simba aliyekuwa akimtafuta, lakini aliua nguruwe wengi, na wazee walisema kuwa hilo ndilo lililotuokoa. Mimi sikuelewa. Nguruwe na simba vinahusiana nini?

Nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha chuo, niliposoma utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, uliochapishwa mwaka 2005. Walihesabu kuwa tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliwaua Watanzania 563 na kuwajeruhi wengine wasiopungua 308, na kwamba kusini, hasa Lindi na Mtwara, ndiko kulikoathirika zaidi. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Yalizidi palipokuwa na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache. Nguruwe huja kula mazao. Mkulima hulala shambani kumzuia nguruwe. Simba humfuata nguruwe, na katika dungu lisilo na ukuta humkuta mtu. Wazee wa Nalasi walikuwa wamefikia hitimisho hilo bila jarida. Huko Rufiji, simba aliyeuawa Aprili 2004 baada ya kuwaua watu zaidi ya 30 alikutwa na jipu chini ya jino. Jino la simba haliwezi kutengewa bajeti, nguruwe anaweza.

Kwa hiyo kifungu kile kilichopunguzwa kabla ya chai hakikuwa cha kilimo wala cha utalii. Kilikuwa kifungu cha usalama wa raia, ila kimevaa nguo za idara nyingine. Hapa ndipo wachumi wa bajeti, nikiwemo mimi, tunapopotea. Tukisikia "usalama" tunafikiri polisi, na polisi si wa halmashauri. Tukisikia "zimamoto" tunakumbuka kuwa tangu Sheria ya mwaka 2007 Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Basi tunahitimisha kwamba usalama si kazi ya diwani. Lakini Ibara ya 146 ya Katiba yetu inaitaja waziwazi miongoni mwa kazi za Serikali za Mitaa: kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Na Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inaipa kila mamlaka ya wilaya wajibu wa kudumisha amani na utulivu katika eneo lake. Wajibu umebaki wilayani. Fedha zimekuwa zikihama.

Zimehama mara nyingi. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zilifutwa, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984 zikiwa hazina kitu. Zikategemea kodi ya maendeleo, ile iliyoitwa kodi ya kichwa, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, ambao kwa wilaya kama Tunduru ndio uti wa mgongo, ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kila hatua ilikuwa na sababu ya haki: mkulima alikuwa akikamuliwa. Mimi mwenyewe niliishangilia ile ya 2003. Ila kila hatua ilimwacha Mweka Hazina na karatasi ileile ya majukumu na mfuko mwepesi zaidi, naye mwisho wa yote hukata kile kisicholalamika. Darasa lisilojengwa huonekana, na wazazi hulalamika. Simba ambaye hakufika kijijini halalamikiwi na mtu, na hakuna anayemshukuru askari kwa ajili yake.

Ni lazima niseme pia upande wa pili, maana nina wanafunzi wanaosoma hapa na hawachelewi kunisahihisha. Kuna kasma za ulinzi ambazo nisingezitetea. Mjomba yuleyule aliyelala dunguni kwa hofu ya nguruwe, miezi mingine alilala dunguni kwa hofu ya mgambo. Msimu wa kodi ya kichwa ulipofika, vijana wenye virungu walizunguka nyumba alfajiri, na asiye na stakabadhi alifungwa kamba. Wanaume wakakimbilia mashambani. Nimeliwaza sana jambo hilo: mtu anawakimbia walinzi wa usalama wake, anakwenda kulala palepale simba anapopita. Leo ziko halmashauri ambazo mgambo wake wanajulikana kwa kazi moja tu, kumwaga nyanya za mama lishe na kubeba mizani ya mchuuzi. Diwani akitaka kukata posho za kazi hiyo, mimi namwunga mkono. Tatizo ni kwamba katika rasimu niliyoipitia mgambo wa kufukuza wachuuzi na mafuta ya gari la kufukuza tembo vilikuwa katika ukurasa mmoja, vikakatwa kwa kalamu moja, na wa kwanza ndiye aliyerudishiwa fedha kabla ya jioni, kwa sababu yeye "anaingiza mapato".

Mtu ataniambia: serikali ina kifuta machozi. Ni kweli. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama mkali, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Jina lenyewe limechaguliwa kwa uangalifu. Si fidia, maana fidia hudai mwenye kosa. Kifuta machozi ni kitambaa. Nami simlaumu aliyekitunga, kwa kuwa kabla yake hapakuwa na hata kitambaa. Lakini angalia jinsi vitabu vyetu vya hesabu vinavyofanya kazi: mafuta ya gari yanalipwa na halmashauri, kifuta machozi kinalipwa na Serikali Kuu. Halmashauri ikikata mafuta, yenyewe imeokoa fedha. Gharama ya uamuzi wake inaonekana katika kitabu cha mtu mwingine, na sehemu kubwa ya gharama hiyo haionekani katika kitabu chochote.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe pori katika chimbuko la vita vya Majimaji huko Uzaramo: wanaume wakiwa wamechukuliwa kufanya kazi za vibarua na uwindaji wa pamoja ukiwa umebanwa, mashamba yalibaki kwa wanawake na nguruwe. Kila nipitapo kwenye makumbusho ya Majimaji pale Songea natazama sanamu za mashujaa na kuwaza kuwa hakuna sanamu ya nguruwe. Ni utani, lakini si wote.

Nirudi kwenye kikao. Baada ya chai niliomba kusema. Nilisema kwamba ushauri wangu wa saa nne na nusu ulikuwa sahihi kwa kitabu na ulikuwa na kasoro kwa watu, na kwamba naomba kifungu kile kisomwe upya. Haikuwa rahisi, mtaalamu anayejipinga mbele ya waliomlipa nauli hapendezi. Mwenyekiti alitabasamu, akasema, "Dokta wetu leo amekuwa mwanasiasa." Watu wakacheka. Mjumbe mmoja, mama wa viti maalumu ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, akauliza swali ambalo mimi na shahada zangu sikuwa nimeliuliza: "Hayo mafuta ni lita ngapi, na posho za kikao hiki ni shilingi ngapi?"

Mweka Hazina alipiga hesabu kwenye simu yake. Akapiga tena. Kisha akaomba apewe muda hadi kesho yake.

Kesho yake theluthi moja ya kilichokatwa ilirudishwa. Sikujua kama nifurahi. Nilitia sahihi karatasi ya posho yangu kama wengine wote, nikapanda basi.

Mjomba alifariki miaka kadhaa iliyopita, kitandani mwake, ndani ya nyumba yenye ukuta. Shamba analo mwanawe. Siku hizi malalamiko makubwa kule ni tembo, na tembo hatishwi na debe. Kwa usiku mmoja kundi linamaliza alichokilima mtu miezi sita. Wiki iliyopita nilimpigia simu, nikamwuliza habari za nyumbani, za shangazi, za korosho. Akanijibu zote. Kisha akaniambia kuwa mpunga umeanza kuchanua, na kwamba fito za dungu la mwaka jana zimeliwa na mchwa, hivyo anakata mpya. Nikamwuliza watalala wangapi. Akasema yeye, na mtoto wake wa kwanza, aliye darasa la sita.