Kilwa, Baada ya Hidaya

Nilipopanda basi Mbagala, barabara ya Kilwa ilikuwa imeshafunguliwa. Somanga, pale abiria wanaponunulia samaki wa kukaanga dirishani, ndipo mafuriko ya Kimbunga Hidaya, mapema Mei 2024, yalipolimega tuta na kuitenga Kusini na Dar es Salaam. Dereva alipita juu ya kifusi kwa mwendo wa kinyonga. Hata waliosinzia waliamka wakachungulia.

Nilikuwa mwanafunzi wa hali ya hewa, na sikuwahi kuvuka Rufiji. Darasani tulifundishwa kwamba kimbunga hutaka bahari yenye joto la nyuzi 26 na ushei, na kitokee mbali kidogo na ikweta, kwani karibu nayo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo. Kilwa iko nyuzi 9 tu kusini, na Madagaska imeikingia kifua. Vimbunga vinavyofika pwani ya bara vingi huishia Msumbiji, kama Kenneth cha Aprili 2019. Ndiyo maana sisi wa huku tulizoea kusema hayo ni ya wenzetu.

Kilwa Kivinje nilimkuta nahodha mzee akitia kalafati mashua yake, akishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Nilimuuliza habari za upepo ule. Alijibu bila kuinua kichwa: “Kaskazi imeondoka, kusi haijashika. Hapo ndipo pa kuogopa.” Yeye alisikia tahadhari redioni, akaiingiza mashua mikokoni. Wavuvi waliokuwa dago visiwani je? Akanyamaza, akagonga patasi.

Usiku nilipanga tarehe daftarini. Aprili 1872, kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Aprili 1952, kilichoipiga Lindi. Mei 2024, Hidaya. Vyote vimepita mlango ule ule wa maleleji, baina ya kaskazi na kusi, bahari ikiwa bado ya moto na pepo za juu zimelegea. Ni vichache mno kufanywa kanuni, lakini mzee alikuwa ameshaniambia.

Tangu 2023 Mtanzania mwenzetu, Dk. Ladislaus Chang'a, ni mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi. Huko juu tunasikika. Kinachotupungukia ni kumbukumbu za huku chini. Basi wewe mwenye mzazi aliyekuwako Lindi mwaka 1952, muulize upepo ulianzia upande gani na maji yalifika wapi, uandike, uipelekee Mamlaka ya Hali ya Hewa.